Kabari ya Betri

Mwanangu Naliaka,

Ni saa tisa mchana. Mvua imeshaanza kupiga mabati kama kawaida yake hapa Lurambi, na wewe uko Matete kumuaga kukhu wako, bibi yako mzaa mama. Ninamjua mkwe wangu. Hatakuachilia kabla hujala kuku wake wa ingokho na ugali wa obusuma mpaka ushindwe kuinuka, na maombi yake peke yake ni saa nzima. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa hapa karakanani, nimejifungia kwa ndani kama mwizi, maana ukirudi mapema ukaniuliza, "Baba, unaandika nini?" najua nitasema, "Vipimo vya mlango," halafu nitaichana.

Sitakuandikia mambo ya blanketi, ya chakula cha pwani wala ya wavulana. Shangazi yako ameyamaliza yote tangu Jumapili, mengine ameyarudia mara tatu, na wewe umeitikia kila mara kwa adabu mpaka nikakuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu kile kipande cha mbao ulichokitia kwenye sanduku lako jana.

Nilikuona. Ulikifuta vumbi, ukakigeuzageuza, ukakifunga ndani ya leso ya marehemu mama yako. Ukasema, "Hii naenda nayo Mombasa. Nikisikia upweke huko chuoni nitakuwa naiangalia tu, najua ni mkono wa Baba." Nami nikajibu, "Haya." Mtu mzima, mvi kichwani, neno pekee nililopata ni haya! Nikatoka nikaenda kuchonga mguu wa kitanda uliokuwa umekwisha kuchongwa, nikauharibu.

Naliaka, hiyo ni kabari. Ndiyo, niliichonga mimi, tena kwa mvule mzuri. Lakini ungejua niliichongea nini, usingeifunga kwenye leso ya mama yako. Ungeitia jikoni iwake.

Ngoja nianze na gari, maana gari nalimudu kulisema.

Kigari kile alikinunua mama yako mwenyewe wakati wewe bado hujaanza shule. Alikuwa afisa wa kilimo, amesomea chuo cha Bukura, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakulima kuanzia asubuhi. Baiskeli ilimshinda kwa sababu ya pumu. Siku kilipoingia hapa bomani kilikuwa kikuukuu tayari, milango miwili, rangi ya maziwa yaliyolala, na majirani wakacheka wakasema Robai amenunua kopo lenye taa. Yeye hakujali. Alikiosha yeye, alipima maji na oili yeye, na mimi niliruhusiwa kukiendesha kwenda kanisani tu, tena yeye akiwa kando yangu ananiambia, "Baba Naliaka, gia inalia, huisikii?"

Halafu mama yako akatutoka, na kigari kikakaa nyuma ya stoo miaka minane. Mimi sikukigusa. Ni wewe uliyekitoa. Ulipomaliza kidato cha nne ulikuja hapa mlangoni na jembe mkononi, ukasema, "Baba, leo tunafyeka majani pale nyuma." Tukakuta kuku amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma. Nilitaka kumfukuza, ukakataa, tukangoja mpaka akaangua. Nilifurahi kwa zile siku za kungoja. Wewe ulidhani nimependa vifaranga.

Tangu hapo umekuwa chini ya gari hilo kila siku. Umefungua kabureta ukaiosha kwa mswaki wako wa zamani. Umebadilisha plagi, umeshona viti, umeweka betri mpya. Hata Fundi Wekesa wa pale barabarani, ambaye hasifu mtu, alikutazama akaniambia kando, "Mzee, huyu msichana ana mkono." Alikuja mara nne kutusaidia. Mara ya nne alisimama akakuna kichwa, akasema, "Moto iko, petroli iko, hewa inaingia. Hii gari inakataanga tu kwa roho yake." Kisha akakusanya spana zake akaenda, na mimi nikamsindikiza mpaka kwenye lango nikiwa na furaha niliyoionea aibu.

Ndiyo, furaha. Kila ulipozungusha ufunguo, injini ikakohoa ikafa, wewe ulipiga usukani kwa kiganja ukasema, "Aii, kwani inataka nini?" Na mimi niliyesimama hapo nikisema, "Pole, mama, jaribu tena," moyoni nilikuwa ninaomba lisiwake. Nisamehe kwanza hilo. Ni dogo kuliko linalofuata.

Na zile Jumamosi za kusukuma. Tunalitoa nje ya lango, tunaliacha literemke kuelekea kinu cha posho mill, na kila mara ninakuambia, "Kaa wewe kwenye usukani, nisukume mimi." Hutaki kamwe. "Wewe ni mzee, Baba, utavunjika mgongo." Nilidhani ni utani wako wa kawaida. Ndipo Jumamosi ile ya juzijuzi, likatufia tena mbele ya kinu, watu wa unga wakatucheka, ukasimama ukipangusa mikono kwenye suruali. Ukasema, tena kwa kucheka, "Ningekuwa na nguvu kama hizi siku ile, Mama angefika."

Ukaendelea na kazi. Ukaniomba spana namba kumi nikakupa. Kisha nikaenda chooni nikakaa humo mpaka ukaja kugonga ukadhani naumwa tumbo. Sikuumwa tumbo. Nilikuwa nalia, Naliaka. Nilikuwa nimetia ngumi mdomoni kama mtoto.

Kumbe miaka minane umebeba hilo. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja! Na hata haya masomo ya magari unayoyaendea kesho, sijui tena kama unayaendea kwa kuyapenda au unakwenda kutafuta mahali ulipokosea.

Hukukosea popote. Sasa nisikilize.

Unakumbuka mazishi ya jirani yetu mzee Shiundu. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kama nilivyokuwa kwa kila matanga ya kijiji hiki. Wajua nilivyopenda jina hilo. Mwenyekiti hapa, mwenyekiti pale. Viti, mahema, kuni, nani atachinja, nani atasoma rambirambi, yote yalipita mkononi mwangu. Hapa kwetu matanga hayanyimwi kitu. Ukinyima leo, siku ya kwako utazika peke yako na mbwa wako. Hilo nililiamini, na bado naliamini nusu.

Ijumaa jioni umeme ukakatika, na yule kijana wa spika akaja akasema jenereta imekataa, anahitaji betri ya gari. Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Msiwe na wasiwasi. Mwenyekiti yuko." Wakapiga makofi.

Nikaenda nyumbani. Mama yako alikuwa jikoni. Nilimwambia nusu nusu, kama mtu anayeonja maji kwa kidole, na kabla sijamaliza akasema, "Peleka viti. Peleka sufuria, peleka hata ng'ombe. Betri ya gari, hapana. Huu moshi na vumbi la matanga, mimi najijua." Nikasema, "Sawa." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye chungu chake. Aliniamini.

Asubuhi alipokwenda kukama nikaitoa betri. Na ili asigundue, nikaweka mahali pake ile betri ya zamani iliyokuwa hapa karakanani, imekufa kitambo, hata balbu ya tochi haiwezi kuiwasha. Ilikuwa ndogo kuliko ile nzima. Ilicheza. Basi nikachukua kipande cha mvule, nikapima, nikachonga kabari, nikaisukuma kando yake mpaka ikatulia kabisa. Niliisugua hata kwa msasa. Mimi sifanyi kazi mbovu, si wajua. Ndiyo hiyo uliyoifunga kwenye leso.

Mchana huo mimi nilikuwa kwenye hema, kando ya spika. Askofu alikuwa anahubiri. Ukaja mbio ukaniita, na spika zilikuwa zinapiga kelele hivi kwamba sijui uliniita mara ngapi kabla ya kunivuta koti. "Baba, Mama hapumui vizuri, ile dawa yake ya kupulizia imeisha." Nikakimbia nawe. Tulimkuta amekwisha kujiketisha garini, kiti cha abiria, anavuta hewa kama anayeivuta kupitia tundu la sindano. Alikuwa amenishikia ufunguo.

Nikauzungusha. Hata kukohoa halikukohoa.

Sasa sikia, mwanangu, maana hapa ndipo penyewe. Betri nzima ilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya ua tu, unaweza kutupa jiwe likafika. Ningekimbia nikaichomoa, dakika tano gari lingekuwa barabarani. Magari mengine yalikuwepo pia, yamebanana ndani ya boma la marehemu. Lakini kuchomoa betri ni kumzima askofu katikati ya neno, mbele ya kijiji kizima, waulize kuna nini. Na kuomba gari la mtu ni kueleza kwa nini langu haliwaki, mama yako akisikia. Niliona aibu. Mke wangu anakosa pumzi mbele yangu, na mimi naona aibu!

Kwa hiyo nikasema, "Tusukume."

Nilijua haliwaki. Usije ukanitetea hapo. Mimi si fundi wa magari, lakini aliyeniuzia ile betri nzima alinieleza wazi: betri iliyokufa kabisa, gari hilo usukume mpaka Kisumu, plagi hazina moto. Nilijua, nikakuweka nyuma ya gari, mtoto mdogo wa darasa la tano, nikakuambia, "Sukuma, Naliaka, sukuma kwa nguvu!" Mimi nilikuwa kwenye mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani, nasukuma kwa bega, nakufokea. Nakumbuka nilikufokea. Ulianguka magoti kwenye changarawe ukaamka ukaendelea, na damu ilikuwa inashuka mpaka kwenye soksi.

Mama yako akageuza uso akanitazama. Alikuwa hawezi kusema maneno mawili pamoja. Akasema, "Betri." Si kwa kuuliza. Nami nikamjibu, "Linawaka sasa hivi, Robai." Basi, hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Tulipofika kwenye kinu ndipo pikipiki ikatokea, nikampakia katikati, nikamshika kwa nyuma. Nilikuacha wewe barabarani na gari. Hatukufika hospitali. Alinyamaza njiani, kichwa chake kikiwa hapa begani mwangu, na mwenye pikipiki hakujua, akaendelea kukimbiza, na mimi sikumwambia asimame. Nilishindwa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja ujukuu, yalizaliwa siku hiyohiyo. Lakini dhambi kubwa niliitenda wiki iliyofuata. Unajua desturi yetu: kabla ya kuzika, mtu wa nyumba husimama akaeleza watu jinsi marehemu alivyougua mpaka akafa, ili pasiwe na minong'ono. Nikasimama mimi. Wewe ulikuwa mbele yangu, gauni jeupe, bandeji magotini. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Tulisukuma gari, mimi na mtoto wangu, tukasukuma, likakataa." Watu wakaguna kwa huzuni. Wakakutazama wewe. Na chini ya meza, kando ya mguu wangu, ile betri ya mama yako ndiyo iliyokuwa inaendesha spika. Hakuna aliyekuwa ameirudisha. Siku iliyofuata kijana wa spika alipoileta nikamwambia aende nayo, sitaki kuiona.

Nilidhani nimedanganya kuhusu gari tu, ndiyo maana niliomba lisiwake kamwe, lisije likaniumbua. Sikujua kwamba neno lile, "mimi na mtoto wangu," lilikutwisha wewe nusu ya mzigo. Nusu gani, umeubeba wote. Mimi nilijua ukweli, kwa hiyo nilikuwa na mahali pa kujilaumu. Wewe ulikuwa na mikono yako tu ya kuitazama.

Mara ngapi nimetaka kukuambia! Ulipofaulu mtihani wa darasa la nane. Ulipoanza kulala bila taa. Siku ulipoitoa ile betri kuukuu, ukainua kabari juu kwenye mwanga, ukasema, "Tazama, Baba alichonga hata hapa ambapo hakuna mtu anaona." Nikasema, "Naliaka, siku ile..." Ukasema, "Shika hapa kidogo." Nikashika. Uongo ukikaa sana nyumbani, unauzoea kama kabati lililovunjika mlango, unapita kando yake tu.

Usinielewe vibaya, sikuandikii sasa kwa sababu nimekuwa mwema. Ninaandika kwa sababu nimebanwa. Najua mwaka huu huu mwalimu wenu atasimama mbele yenu na betri mezani, atawaambia yale niliyoambiwa mimi dukani. Utakuwa umekaa kule Mombasa peke yako, na utaikumbuka ile betri uliyoitoa, na kabari, na mkono ulioichonga. Utapiga hesabu mwenyewe. Nimeogopa hilo kuliko kifo changu. Afadhali ulisikie kwangu, ingawa ni kwa karatasi, kwa sababu uso kwa uso nimejaribu nimeshindwa.

Nikupe ushauri gani mimi? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikampoteza mke wangu. Siwezi kukuambia usipende watu wakusifu, utapenda tu, wewe ni damu yangu. Lakini siku watu wote watakapokugeukia wakingoja useme ndiyo, na nyumbani kuna mtu mmoja aliyesema hapana, mkumbuke huyo mmoja. Na ukiona aibu, mwanangu, ione upesi uimalize. Aibu ya siku ile ingekuwa ya dakika tano. Watu wangecheka, askofu angenisamehe, na mama yako leo angekuwa ndiye anayekupangia sanduku.

Kama unayapenda magari, nenda ukayasome kwa raha. Kama ulikuwa unakwenda kwa ajili ya siku ile, basi hiyo safari haina sababu, na unaweza kuchagua nyingine yoyote. Sitasema neno. Kabari ukiitupa ni sawa. Ukikaa mwaka mzima bila kunipigia simu nitajua kwa nini, na nitaendelea kulala na simu kando ya sikio.

Gari nimeshindwa kulitengeneza. Ya mama yako nimeshindwa. Hata hili la kukuambia kwa mdomo, ambalo hata mtoto angeweza, nimeshindwa pia. Nimebakiwa na kitu kimoja kidogo.

Jana uliniomba kesho alfajiri, kabla hatujaenda stendi, tulisukume mara ya mwisho. Nimekubali. Barua hii nitaiweka kwenye kiti cha dereva. Nitakuwa nimeshafungua lango, nimeshalitoa gari barabarani, nami nitakuwa nimesimama nyuma, mikono juu ya buti. Kesho huji nyuma, Naliaka. Hutalisukuma gari lile tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Keti usome taratibu. Sitakuharakisha, basi lichelewe likichelewa. Ukimaliza, ukitaka kushuka uchukue sanduku lako uende bila kunitazama, shuka. Sitakufuata. Ukiweza kubaki, zungusha ufunguo, ukanyage klachi, weka gia ya pili, kisha uniite.

Mimi nitasukuma.

Baba yako